Mdudu wa Buluu wa Shemeji

Mume wangu analipwa na serikali kuangalia makalio ya wadudu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nimechoka kuulizwa, na kwa sababu yeye mwenyewe akiulizwa anapiga chenga. Atasema yuko maabara, halafu atakohoa. Mtaani walisikia maabara wakamwita Daktari, na hajawahi kuwasahihisha. Jirani yetu aliwahi kumletea mtoto mwenye mafua. Mume wangu akamtazama yule mtoto, akashauri anywe maji mengi na alale mapema, mtoto akapona, na tangu siku hiyo hapa kwetu hatupumui.

Hata mimi niliolewa kwa neno hilohilo. Shangazi yake alikuja nyumbani akatuambia kijana yuko maabara, anashughulika na mambo madogomadogo ya kitaalamu. Hakudanganya. Mambo yenyewe ni madogo kuliko mbegu ya ufuta.

Wanaitwa wadudu magamba. Nimeishi nao miaka kumi na tisa, kwa hiyo naweza kuwaeleza bila kitabu. Ukiona kwenye shina la mchungwa vipele vidogo vya duara, ukavikwaruza kwa ukucha ukidhani ni uchafu, ndio hao. Jike akishachagua pahali pake anachomeka mdomo kwenye mti, anaachana na miguu, anaachana na macho, anajifunika gamba alilotengeneza mwenyewe kwa nta na ngozi zake kuukuu, na hatoki hapo mpaka kufa. Dume ana mabawa lakini hana mdomo. Anaishi siku moja hivi ya kutafuta mke, halafu anakufa na njaa. Mume wangu alinisimulia haya siku ya nne ya ndoa yetu, akidhani ananiburudisha.

Sasa kazi ni kujua huyu ni wa aina gani, maana kuna wa kawaida ambao kila bustani inao, na kuna wageni ambao wakiingia hawaachi mchungwa umesimama. Gamba la juu halikwambii kitu cha kuaminika. Ni lazima umfunue, umtoe mdudu mwenyewe kwa ncha ya sindano, umchemshe kwenye dawa kali mpaka nyama iyeyuke ibaki ngozi tupu, umtie rangi ya waridi, umlaze juu ya kioo, kisha umwangalie nyuma kwa darubini. Huko ndiko kwenye vijino, vitundu na vinyweleo vinavyotenganisha aina na aina. Uso hana. Watu husema fulani hana mbele wala nyuma. Mdudu huyu mbele hana kweli, lakini nyuma, kwa maneno ya mume wangu, anayo ya kutosha kuandikia kitabu. Kwenye ripoti yeye huandika “ncha ya mwili”. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nayaita makalio.

Basi. Dada yangu, mkubwa wetu, ana kitalu cha miche ya michungwa na milimau. Alikianza kwa makopo matupu ya maziwa, peke yake, na kufikia mwaka jana alikuwa na miche elfu tatu aliyoibebesha vikonyo vya miti bora kwa mkono wake mwenyewe, mmoja mmoja. Dada hana mume, hana mshahara, hana pensheni. Ana miche. Ndiyo inayomlisha na ndiyo inayomfanya aamke, na ukitaka kugombana naye mguse mche mmoja uone.

Ijumaa moja mkaguzi wa mimea akaja kumwandikia kibali cha kusafirisha. Kijana mpole, ana kofia na lenzi ya kamba shingoni. Akainama kwenye shina la kwanza, akainuka, akaenda la pili, akainama tena. Vipele alivyoviona vilikuwa vya buluu. Hakuwahi kuona gamba la buluu maishani mwake, wala kwenye picha alizofundishiwa. Akakata vijiti kumi na viwili, akavitia kwenye mfuko, halafu akazungushia kitalu kizima utepe wa manjano. Sheria yao ni fupi: mdudu asipotambuliwa ndani ya siku saba, miche inachomwa moto, yote. Dada alikaa kitako chini palepale kwenye mlango wa kitalu, akamwambia yule kijana kwamba ana bahati mama yake hayupo kusikia alichosema.

Na wale wadudu walipelekwa wapi? Kwa mume wangu. Katika mikoa yetu yote hakuna mwingine anayefanya kazi hiyo.

Siku hiyo alirudi nyumbani saa kumi na moja, akavua viatu vizuri, akavipanga, akaenda kunawa, akarudi akaketi akinitazama. Mtu huyu kwa kawaida huingia akiuliza kuna nini cha kula.

“Mwalimu,” akasema. Huniita mwalimu akiwa na jambo. “Ni wa buluu.”

“Nani?”

“Gamba. Nimepitia picha zote za vitabuni, nimepitia orodha ya zamani na ya sasa. Wa buluu hayupo. Mkuu amesema huenda ni aina mpya kabisa. Mpya duniani.”

Nikamuuliza ikiwa ni mpya, je, miche ya Dada. Akasema hilo ni jambo la kusikitisha sana, halafu akaendelea. Unajua, anayemwelezea mdudu kwa mara ya kwanza ndiye anayempa jina. Hawezi kumpa jina lake mwenyewe, hiyo ni aibu, lakini anaweza kumpa la mkewe. Na popote jina la mdudu huyo litakapoandikwa, katika kitabu chochote, jina la aliyempa jina hufuata nyuma yake. Milele.

“Kwa hiyo mimi nitakuwa kunguni wa machungwa,” nikasema, “na wewe utakuwa nyuma yangu.”

“Si kunguni,” akasema. “Ukoo tofauti kabisa.”

Nilitaka kucheka, lakini alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe. Miaka ishirini na mbili mtu anatambua wadudu waliopewa majina na watu wengine. Anaandika, anaweka sahihi, karatasi inakwenda kwenye kabati la chuma. Hakuna anayeisoma. Nikamwonea huruma, na kwa sababu namfahamu Dada, nikamwonea huruma zaidi.

Dada alihamia kwetu kesho yake. Alisema hawezi kulala nyumba moja na utepe. Akaleta begi, mto wake, na mkasi wa kupogolea ambao sikuelewa aliuletea nini, lakini kila mume wangu alipopita sebuleni aliuona umewekwa juu ya meza.

“Shemeji,” Dada alimwambia kwenye chakula cha jioni, “huyo mdudu wako anaendeleaje?”

“Ni mdudu wako, shemeji. Ametoka kwako.”

“Kwangu alikuja kutembea. Kwako ndiko anakobembelezwa.”

Siku zikaenda. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nyumba ikawa ya upole wa kutisha. Mume wangu alikuwa akichora. Alinunua penseli za rangi, za buluu tatu tofauti, akawa anarudi na picha alizozipiga kazini na kuchora lile gamba mezani, la duara, kubwa kama sahani, akilitia kivuli pembeni. Mkuu wake, mzee mfupi aliyebakiza miezi minne kustaafu, alikuwa ameshaandika barua makao makuu kuwaarifu juu ya ugunduzi, pamoja na picha tano. Mzee alinunua na suti. Nilimwuliza mume wangu suti ya nini, akasema huenda kukawa na mkutano.

Jumatano alasiri nilikuwa mezani nasahihisha madaftari, yeye upande wa pili na penseli zake, Dada kwenye kochi akijifanya anashona kifungo. Daftari la kumi na nne lilikuwa limeandikwa hivi: Kifaru kimelala chini ya mti. Nikalichapa mstari mwekundu, nikaanza kulalamika kwa sauti, ndivyo nilivyo, siwezi kusahihisha kimya.

“Mwezi mzima nafundisha ngeli. Mwezi mzima. Kifaru amelala. A-me-la-la.”

“Mtoto wa watu ana haki,” mume wangu akasema bila kuinua kichwa. “Kiti kimevunjika, kikombe kimevunjika, kifaru kimelala. Si limeanza na ki?”

Sasa hapo alinigusa pabaya. Nikaweka kalamu chini.

“Ngeli haitambuliwi kwa neno linavyoanza. Hiyo ki ni koti tu. Kifaru, kiboko, kijana, kiongozi, wote wamevaa koti moja na kiti na kikombe, na hakuna hata mmoja aliye ndugu wa kiti. Wote wako A-WA, pamoja na wewe. Ukitaka kujua neno ni la ngeli gani, unaangalia upatanisho, yaani kile kinachofuata nyuma yake. Nyuma, bwana. Wewe wa kuambiwa hivyo?”

Naapa sikukusudia kitu. Nilikuwa natetea ngeli. Lakini Dada aliacha kushona.

“Shemeji,” akauliza taratibu, “kwani huyo wangu umeshamwangalia nyuma?”

Mume wangu akachonga penseli. Akaichonga muda mrefu sana.

“Bado,” akasema.

Kumbe siku tano zote mtu amekaa anachora koti. Dada hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alikunja shati akaenda chumbani akafunga mlango. Mume wangu akaanza kunipa sababu. Dawa ya kuchemshia ilikuwa imekwisha. Majike hawakuwa wamekomaa vizuri. Taa ya darubini ilikuwa inacheza. Mimi nimefundisha watoto miaka kumi na saba, najua sura ya mtu asiyefanya kazi aliyopewa.

“Leo ni Jumatano,” nikamwambia. “Ijumaa wanachoma. Wewe ambaye hata kwenye picha ya harusi yetu ulikuwa unaangalia ua langu kama lina wadudu, siku tano hujamfunua mdudu mmoja. Kwa nini?”

Akaweka penseli zake kwenye kiboksi, moja moja, kwa mpangilio wa rangi.

“Nikimwangalia nitajua,” akasema. “Mwalimu, sijawahi kuwa na kitu nisichokijua. Kila kinacholetwa, nakijua. Nilitaka nikae naye siku chache kabla sijamjua.”

Hasira zangu zikaniishia palepale, nikabaki na uchovu tu. Nilimshika mkono. Nikamwambia kwamba namwelewa, na kwamba kesho atamwangalia nyuma au mimi na Dada tutakuja kumwangalia wenyewe.

Alhamisi niliomba ruhusa shuleni kwa kisingizio cha jino. Tukaenda watatu. Maabara yenyewe ni chumba kimoja kirefu, masinki mawili, makabati ya chuma, kalenda ya miaka mitatu iliyopita, na harufu kama ya sabuni iliyoungua. Dada akapewa stuli. Alikaa akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, kama yuko hospitali anasubiri jina la mgonjwa wake liitwe. Nikasogea karibu.

Mume wangu akavaa koti jeupe, na hapo nikamwona mtu mwingine. Mkono ule ule unaoshindwa kufungua chupa ya achari ulishika sindano nyembamba, ukainua gamba la buluu bila kulivunja, ukamtoa chini yake kidudu cha njano kisichofika hata ncha ya kalamu. Akamtia kwenye kichupa cha dawa, kichupa kwenye maji ya moto. Tukasubiri. Akamkamua kwa upole, akamsuuza, akamtia rangi, akamlaza kwenye kioo, akamfunika kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu. Saa nzima ilikwisha. Halafu akainama kwenye darubini.

Alikaa hivyo. Nikahesabu mapigo ya saa ya ukutani mpaka nikachoka.

“Umbo la haragwe,” akasema mwishowe, bila kuinuka. “Vijino jozi tatu.” Akazungusha kitu pembeni. “Jozi tatu,” akarudia, na sauti ilikuwa imeshuka. “Huyu namfahamu. Gamba jekundu. Yuko kwenye kila mlimau ulioko nchini. Nimemwona zaidi ya mara elfu.”

Dada akafumba macho. Aliachia mkoba ukaanguka, akauacha hapohapo.

“Mwekundu wapi,” nikauliza, “na ni wa buluu?”

Mume wangu akageuka kwenye kiti. “Shemeji, mashina ya miche ulipaka nini?”

“Chokaa. Kuzuia jua na wadudu.”

“Chokaa ni nyeupe.”

Dada akaangalia sakafu. Dada yangu, ambaye amewahi kumfukuza afisa wa kodi kwa mpini wa jembe, aliangalia sakafu.

“Niliweka na buluu ya kufulia kidogo. Wateja wanapenda. Inapendeza.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Vipakiti sita.”

Ndipo mume wangu akatueleza. Mdudu anapojitengenezea gamba anachanganya nta yake na chochote anachokikuta pale alipo: vumbi, ganda la mti. Hawa walikuta chokaa ya Dada, wakajifuma humo humo, wakatoka maridadi. Vilivyoleta taharuki yote hii ni vipakiti sita vya buluu ya kufulia. Nilianza kucheka nikashindwa kujizuia, na Dada naye akaingia, tukacheka mpaka machozi, na mume wangu akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyealikwa. Aliniita nije nitazame. Nilitegemea kichekesho. Nikaona kitu cha waridi, chembamba, kimechongeka ukingoni kama kimefanyiwa kazi na sonara, na nikasikitika kwamba kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nacheka kitu ambacho sijakiona.

Mkuu akaingia wakati huo. Akaelezwa. Akafunga mlango.

“Andika hajatambuliwa,” akasema. “Tungoje wataalamu wa nje wamwangalie.”

“Wakingojwa, kesho wanachoma, mkuu.”

“Barua yangu imeshafika juu. Picha zimeshafika. Na shemeji yako huyo hapo amekaa kwenye stuli. Watu watasema nini? Watasema umemficha mdudu kwa ajili ya undugu.”

Mume wangu hajawahi kubishana na mkubwa. Nyumbani hata na bomba linalovuja habishani. Alisimama, akampa mkuu wake kiti chake, akamwekea mbele vile vijiti vilivyobaki na sindano.

“Chagua kijiti wewe, mkuu. Chagua mdudu wewe. Mtengeneze mwenyewe. Ukikuta vijino jozi nne naandika unavyotaka.”

Mzee akavua koti la suti yake mpya. Wa kwanza akamponda. Wa pili akampotezea kwenye maji, tukamtafuta wote wanne. Wa tatu akakaa vizuri, na nikaona kwamba naye zamani alikuwa fundi. Akainama, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Moja. Mbili. Tatu. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Halafu akavua miwani, akabaki ameishika.

“Jozi tatu,” akasema. “Nimebakiza miezi minne tu.” Akavaa koti lake akatoka kwenda kuandika barua nyingine, na wala sikumwekea kinyongo.

Ikabaki fomu. Ni karatasi ya kawaida ya rangi ya krimu, na ina mistari miwili ya maana: jina la mdudu, na chini yake, jina la aliyemtambua. Mume wangu akajaza wa kwanza. Kalamu ikasimama. Nilimwona akitazama nafasi iliyobaki, na nikajua anaaga kitu. Akajaza wa pili, akaweka sahihi, akaandika pembeni kwamba miche inyunyiziwe mafuta ya mimea kisha iachiliwe, akagonga muhuri.

Dada akaipokea kwa mikono miwili. Karatasi ile ndiyo ilikuwa miche yake elfu tatu, imekunjika pembeni. Akaisoma kuanzia juu, kidole kikifuata mistari, mpaka kidole kikasimama.

“Huyu wa hapa chini ni nani?” akauliza.

“Ni mimi, shemeji.”

“Majina yote haya?”

“Yote.”

“Miaka kumi na tisa nakuita shemeji,” Dada akasema, “sijawahi kujua unaitwa nani.”

Akarekebisha kanga yake, akasafisha koo, akaiinua ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Akayasoma kwa sauti majina yote matatu, polepole, bila kuruka hata herufi. Mume wangu alikuwa ameshaketi. Akasimama wima, mikono ubavuni, akaitika: “Nipo.”